Nishani ya Mzee Deus

Rafiki yangu Teofili wa Viwanja Sitini, mtaa wa Ifakara, alichoshwa na walevi wa kilabuni. Baba yake, Mzee Deus, alijitolea kwenda vitani Burma enzi za Mwingereza, akarudi na nishani. "Nishani ya masufuria!" walevi walimcheka mzee. "Alikuwa mpishi!" Basi mwaka 1995 Teofili akanakili namba iliyochongwa kwenye nishani, akaandika barua kwenye hifadhi ya nyaraka za jeshi la Mwingereza kuomba ushahidi.

Jibu likaja kwa posta: namba ile ile, jina lile lile, mzaliwa wa kijiji kile kile cha Lupiro. "Alifariki Burma, 1944. Akazikwa huko."

Mama yake, Kandida, alicheka hadi khanga ikamdondoka. "Sasa aliyemaliza wali wangu miaka yote hii ni nani?" Kisha kicheko kikakatika ghafla kama umeme wa Ifakara. "Usimwambie."

Teofili hakumwambia. Aliingia tu kumchunguza upya, vidole, masikio, amjue huyu anayemwita baba. Mvua ilipiga bati, madirisha yamefungwa, chumba giza tii. Mzee alikuwa akisugua nishani kwa majivu: kwaru, kwaru.

"Shikamoo, baba."

Kusugua kukakoma.

"Marahaba. Wameandika tulizikwa wangapi?"