Mwisho wa Kwanza

Siku zile riwaya za skrini ziliuzwa kwenye diski, na kwenye lile duka la ghorofa ya chini hukuuziwa kitu mpaka ujibu maswali. Muuzaji alimhoji kila mteja kabla ya kunyoosha mkono rafuni. Ndiyo maana walimwita Mshauri, wengine kwa heshima, wengine kwa kero, maana foleni ya Jumamosi ilifika hadi kwenye ngazi.

Binti wa miwani alijikuta kwenye foleni hiyo akitafuta betri za tochi ya kupimia macho. Alikuwa akifanya kazi ghorofa ya pili, kwenye duka la miwani, na alishuka na koti lake jeupe, kalamu mbili mfukoni, na viatu vya njano ambavyo bosi wake alikuwa havipendi. Mbele yake alisimama mama mtu mzima mwenye mtandio wa zambarau.

"Mama, umewahi kusoma hadithi za namna hii?" Mshauri alimuuliza.

"Sijawahi. Nimestaafu, nakaa tu. Nataka cha kunichangamsha."

"Basi chukua hii. Unasoma, unatazama picha, muziki unapiga taratibu. Ikifika mahali inakuuliza: msichana aende sokoni au abaki nyumbani? Unachagua, hadithi inaendelea. Saa mbili imekwisha, na hakuna anayekufa."

"Na nikichagua vibaya?"

"Hii haina vibaya, mama. Ndiyo maana nakupa wewe."

Mwalimu wa hesabu, aliyekwisha kusoma tatu, alipewa ya upelelezi na kuonywa awe na daftari karibu. Kisha ikafika zamu ya binti.

"Na wewe dada? Mgeni, mwenyeji au mkongwe?"

Mshauri, kijana wa umri wake, alimtazama kichwa kikiwa upande, mikono ya shati imekunjwa, tabasamu likisubiri. Moyo ulimwambia binti aseme kweli, lakini ulimi ukawahi. "Mkongwe. Hizi nimezisoma mpaka basi."

Hakuwa amesoma hata moja maishani mwake.

"Kumbe tuko wawili," Mshauri akasema, akapanda kistuli na kushusha diski kutoka rafu ya juu kabisa. "Hii ni ya saa hamsini. Mwaka mzima natafuta mtu wa kumpa."

Betri zilisahaulika. Bosi alimnunia hadi jioni.

Yeye na Mshauri wakaanza kunywa chai pamoja saa ya mapumziko, wamekaa kwenye ngazi, watu wakiwaruka kushoto na kulia.

"Umefika wapi?" Mshauri alikuwa akimuuliza.

"Pale pale penye utamu."

"Usiniambie umempuuza yule daktari."

"Nimempuuza makusudi."

Mshauri alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye suruali. Binti hakujua daktari ni nani. Alikwama mapema, hadithi ikamkatikia njiani, na kuuliza akaona haya. Jioni simu ikiita alikuwa ameshaishika mkononi.

"Mkongwe wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi njaa inanijia nikishasikia sauti yako."

"Maneno hayo umeyatoa diski gani?"

Alimpenda, tena sana. Na kadiri alivyompenda ndivyo ule uongo mdogo ulivyozidi kuwa mgumu kuutoa.

Mwaka wa pili Mshauri alipata kazi mji mwingine, kwenye ofisi ya watunzi wa riwaya hizo hizo. Miezi miwili alikuwa mtu wa kujifungia. Jumatatu ya wiki ya safari akapanda ngazi na kumtia flashi mkononi.

"Nimeitunga mwenyewe, kwa ajili yako. Ungekuwa mgeni ningekuelekeza, wewe sina haja. Ukishafika mwisho, nipe jibu. Naondoka Alhamisi."

Aliifungua mchana huo huo kwenye kompyuta ya kazini. Alijiona amechorwa, viatu vya njano na yote. Aliona ngazi zao, vikombe vyao, hata foleni. Alicheka peke yake. Baada ya dakika arobaini mwanaume wa kwenye picha alikuwa kituoni na begi lake. "Tulichokuwa nacho kilikuwa kizuri," maandishi yakasema. "Nisahau." Skrini ikawa nyeusi, na chini likatokea neno moja: Mwisho.

Mteja alikuwa akisubiri kuchagua fremu. Binti alimhudumia, akamfungia mfuko, akamtakia siku njema. Kisha akaingia stoo na kulia. Kumbe alishindwa kuniaga kwa mdomo, akawaza. Akaandika ujumbe: "Nimeisoma mpaka mwisho. Nimekuelewa. Safari njema." Akangoja simu iite. Alhamisi ilipita, na mwezi ukapita. Lile duka la chini likageuka duka la mapazia.

Miaka saba ikaenda hivyo. Binti alifungua duka lake mwenyewe la miwani. Wachumba walikuja, wazuri tu, akawa anawapima na kuwaona hawatoshi, mpaka dada yake akachoka kusema. Likizo moja binti wa huyo dada, msichana wa miaka kumi na saba anayekesha kwenye riwaya za skrini, alikuwa akitafuta flashi ya kuhamishia picha. Akaikuta ile.

"Mama mdogo, nani katunga hii? Ni nzuri. Wewe ulipata mwisho upi?"

"Mwisho si mmoja tu? Mwanaume anaondoka."

Msichana alimtazama kwa huruma. "Huo ni wa kwanza. Ukimaliza unarudi mwanzo, unachagua tofauti. Miisho hii iko mitatu, na ukishaisoma yote ndipo wa nne unafunguka. Ule ndio wenyewe. Hizi karibu zote ziko hivyo, mama mdogo. Aliyezizoea haambiwi."

Saa moja baadaye msichana akamwita. Kwenye skrini mwanaume alisimama kwenye ngazi, vikombe viwili mkononi. "Nimekuonyesha maisha yetu tukiwa mbalimbali," alisema. "Hakuna hata mwisho mmoja nilioupenda. Nikuoe, tuondoke wote?" Chini yake palikuwa na vitufe viwili, ndiyo na hapana.

"Nibonyeze ndiyo?"

"Usiguse," alisema, akaenda kunawa uso. Maji aliyaacha yakitiririka muda mrefu.

Namba aliipata kwa mwenye duka wa zamani. Alipiga siku ya tatu, baada ya kuikata mara nne kabla haijaita.

"Mshauri."

"Sauti hii naijua," akasema.

"Nina jambo la kukiri. Sikuwa mkongwe. Siku ile kwenye foleni nilikuwa sijawahi kusoma hata moja."

"Hata moja?"

"Ya kwako niliisoma mwisho mmoja, nikajua umeniaga."

"Kwa hiyo ule ujumbe..."

"Niliuandika nalia."

Alimsikia akivuta pumzi. "Mimi nilijua umekataa. Mkongwe kasema kasoma mpaka mwisho, kanielewa, safari njema. Niliusoma kituoni mpaka nikaukariri. Kwa nini hukuniambia hujui?"

"Aibu. Na wewe kwa nini hukupiga simu?"

"Woga. Mwanaume mzima nimeificha posa nyuma ya miisho mitatu, unadhani ningepata wapi ujasiri wa kupiga?"

Wakacheka wote wawili, kicheko ambacho hakikufika mbali.

Mshauri alikuja dukani kwake Jumapili mchana. Mvi zilikuwa zimeanza juu ya masikio, na shati alilipiga pasi vizuri mno. Hakukaa aliposogezewa kiti.

"Nilioa," akasema. "Tumeachana mwaka juzi. Nina binti wa miaka minne. Njia nzima nilipanga kukuambia najuta miaka hii saba, lakini siwezi kukudanganya. Kila nikirudi nyuma kichwani, nikachagua vingine, yeye anakuwa hayupo."

Ilimchoma binti wa miwani. Alisimama nyuma ya kaunta, akapanga fremu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Aliwaza chai ya kwenye ngazi, na ujana waliouacha pale, ambao hakuna wa kuwarudishia. Kisha akaona kwamba mtu aliyekataa kumdanganya siku kama hii ndiye yule yule aliyempenda, na huenda sasa alikuwa bora zaidi.

"Mimi nimeijutia yote," akasema. "Kwa niaba ya wawili."

"Sasa nauliza kwa mdomo. Nikuoe?"

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwanao."

"Nje, na dada yangu. Niliogopa kuingia naye."

Binti wa miwani alizunguka kaunta, akampita, akafungua mlango mwenyewe. Mtoto alikuwa ameshika kidole cha shangazi yake, amekunja uso kwa mwanga. Akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana.

"Njoo ndani, mama," akamwambia. "Jua litakuchoma."