Mbegu za Shokishoki Hazianikwi

Kila asubuhi, kabla cherehani haijaanza kunguruma barazani, mzee alikuwa ameshakaa na ungo wake anachambua maharage. Hakuna aliyemtuma. Binti yake, fundi wa nguo, alishamwambia mara nyingi kwamba maharage ya dukani huuzwa yakiwa safi. Mzee hakusadiki. Alikuwa mtunza ghala la nafaka kwa miaka thelathini na moja, na mtunza ghala hasadiki gunia ambalo hajalitia mkono.

Majirani walimwita Bwana Ghala, na jina hilo lilimpendeza. Katika ghala lake halikuwahi kuoza gunia hata moja. Siri yake ilikuwa ukavu. Alichukua punje ya mahindi, akaiweka kati ya meno, akaing'ata. Ikilia "ka!" mzigo ulipokelewa. Isipolia, mzigo ulirudishwa juani, hata mwenye mzigo alie yeye.

Jumatano moja mzee alirudi na mfuko mdogo mkononi. Alikuwa ametoka kwenye nyumba yake ya zamani, alimoishi na mkewe mpaka mkewe alipofariki. Barabara mpya ilikuwa inapita hapo. Nyumba ilishabomolewa. Nyuma ya jiko palikuwa na mshokishoki ambao mkewe aliupanda kwa mkono wake. Mzee alifika msumeno ukiwa umemaliza kazi. Aliruhusiwa kuokota matunda tu.

Binti aliacha kushona. Alitoa tunda moja mfukoni. Shokishoki ni tunda dogo jekundu, lenye nywele laini kama za mtoto aliyeamka bila kuchanwa. Ukilimenya unapata nyama nyeupe yenye maji matamu, na katikati mbegu moja kama lozi. Mtaani kwao matunda hayo yalikuwa adimu. Wengi hawakuyajua hata kwa jina.

"Haya ni ya mti wa mama?" binti aliuliza.

"Ni ya mti uliokuwepo."

Walikula. Kisha binti akasema, "Baba, tupande mbegu zake. Hapo uani pana nafasi. Tusipopanda, mti wa mama ndio umekwisha."

"Tutapanda," mzee alisema. "Lakini mbegu haipandwi hivi hivi ikiwa na majimaji. Niachie mimi. Hii ndiyo kazi yangu."

Mbegu zilikuwa ishirini na tatu. Kesho yake asubuhi mzee alizipanga juu ya bati, juani, mstari kwa mstari. Jirani yao alikuwa anapita kwenda kazini. Alikuwa mama wa makamo aliyefanya kazi kwenye kitalu cha miche cha halmashauri, na kwa hiyo aliitwa Mama Kitalu.

"Bwana Ghala, umehamia kwenye lozi?"

"Si lozi. Ni mbegu za mshokishoki."

Mama Kitalu alisimama. "Mzee wangu, hizo hazi..."

"Mama Kitalu! Unanifundisha mimi mbegu? Nimelala na mbegu, nimeamka na mbegu, wewe hujaota meno!"

"Haya, baba. Mwenye ghala ndiye mwenye ufunguo." Alicheka, akatazama saa, akaenda zake. Alikuwa amechelewa.

Mbegu zilikaa juani siku tano. Siku ya tano mzee aliing'ata moja. "Ka!" Alifurahi. Akazitia kwenye mkebe wenye majivu, akafunga kifuniko, akasubiri mvua.

Mvua ilikuja baada ya wiki tatu. Mzee alijaza udongo kwenye makopo, akapanda mbegu zote, akamwagilia. Kila asubuhi aliyakagua makopo kama mwalimu anayeita majina darasani. Hakuna aliyeitika.

"Mbegu nyingine zina uvivu," alisema baada ya wiki mbili.

Wiki ya sita, binti alimkuta ameinama juu ya kopo, anachokoa udongo kwa kijiti.

"Baba, nimwite Mama Kitalu?"

Mzee alitupa kijiti. "Mwite," alisema.

Mama Kitalu alikuja jioni, bado amevaa mabuti ya kazini. Alifukua mbegu moja, akaomba wembe wa kukatia nyuzi, akaipasua katikati. Ndani ilikuwa ya kahawia, tena inanuka. Akapasua ya pili. Akapasua ya tatu.

"Zimekufa, mzee."

"Maji yamezidi?"

"Hapana. Zilikufa kabla hazijaingia kwenye udongo. Zilifia juani."

Mzee aliinua kichwa. "Mbegu haifi kwa kukauka. Mbegu hufa kwa unyevu. Hilo najua."

"Unajua mahindi na maharage," Mama Kitalu alisema. Alisema taratibu, bila kejeli. "Hapo hakuna wa kukushinda. Mbegu za mahindi zikikauka zinalala, zikipata maji zinaamka. Lakini mbegu za shokishoki hazijui kulala. Zinatoka kwenye tunda zikiwa macho, zinatafuta udongo. Ukizikausha, zinakufa. Hata ukiziweka tu kivulini, wiki moja ni nyingi. Fenesi nalo ni hivyo hivyo."

"Kwa hiyo ile 'ka!' niliyoisikia..."

"Ilikuwa imeshakufa."

Binti alitazama pembeni. Mzee hakutazama popote. Alikuwa anaiona akilini ngazi ya jikoni ya nyumba ile ya zamani, na mkewe ameketi anakula shokishoki. Mkewe alimaliza tunda, akaosha mbegu kwenye bakuli, na palepale akaichomeka kwenye kopo la udongo. Mzee mwenyewe alikuwa mlangoni anavua viatu. Alimwambia, "Mbegu mbichi hiyo! Utavuna uozo." Mkewe akajibu, "Wewe baki na ghala lako, mume wangu." Wakacheka wote wawili. Mti ukaota. Akala matunda yake kwa zaidi ya miaka ishirini, na siku hata moja hakumuuliza mkewe alifanyaje.

"Matawi je?" binti aliuliza ghafla. "Tukirudi kule tukapata tawi?"

Mama Kitalu aliweka wembe chini. "Matawi yangefaa kuliko hata mbegu. Tungechukua vijiti vibichi siku ile ile ulipokatwa, tukaviunganisha na shina la mche mwingine wa mshokishoki. Mti ungekuwa ule ule wa marehemu, kwa tunda na kwa ladha. Yako wapi?"

"Yalichomwa," mzee alisema. "Nilisimama hapo hapo, nikaona moshi."

Kisha Mama Kitalu akasema, "Na mimi nina kosa langu, mzee. Siku ile nilijua. Uliponikatiza ningesimama nikamaliza neno langu. Nikaona aibu kubishana na mtu mzima."

"Mimi ndiye niliyekukatiza," mzee alisema.

Siku tatu hakugusa ungo. Siku ya nne Mama Kitalu alileta mfuko wa mashokishoki aliyoyapata kwenye soko la mbali.

"Sitaki mti wa mtu mwingine," mzee alisema.

"Ni haki yako, baba. Ila haya yalichumwa juzi. Mbegu hizi hazitangoja mpaka hasira yako iishe."

Mzee aliutazama mfuko. Safari hii alielewa maana ya kuchelewa. Akainuka.

"Tunaanzaje?"

"Tunaanza kwa kula," Mama Kitalu alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi binti alimwona baba yake anatabasamu.

Walikula. Mama Kitalu alichagua mbegu nane nene, kutoka kwenye matunda yaliyoiva vizuri. Mzee alizisugua kwenye maji mpaka ute na nyuzi za nyama vikatoka.

"Kwa nini tunasugua?"

"Nyama ikibaki huita sisimizi na ukungu."

"Nikikosa udongo leo?"

"Zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, siku mbili au tatu, kivulini. Usizianike. Usizitie kwenye friji, baridi nayo inaziua."

Makopo yalitobolewa chini ili maji yasituame. Udongo ulichanganywa na samadi iliyooza vizuri na mchanga kidogo. Mzee alitaka kusimamisha mbegu wima. Mama Kitalu alimshika mkono.

"Ilaze ubavu, ule upande bapa uwe chini. Ndipo mche unyooke. Kina chake kiwe pingili moja ya kidole chako. Sasa weka kivulini. Udongo uwe na unyevu kila siku, lakini usiwe tope."

"Na nikiwa na shaka?"

"Uliza. Nyumba yangu ni ile pale."

Siku ya kumi na sita udongo ulipasuka. Baada ya wiki moja, kati ya mbegu nane, miche sita ilikuwa imesimama, na majani yake machanga yalikuwa na wekundu. Mmoja ulinyauka kwa sababu mzee aliutoa kivulini mapema mno. Mitano iliyobaki aliizoesha jua kidogo kidogo, kwanza la asubuhi tu.

"Itazaa lini?" alimuuliza Mama Kitalu.

"Miaka mitano, sita, hata zaidi. Na nikwambie kabisa: iliyotoka kwenye mbegu, karibu nusu huwa madume. Dume huchanua, halizai. Huwezi kujua mpaka lichanue. Ndiyo maana usipande mmoja ukaridhika. Mmoja ukizaa vizuri, niite, tuchukue vijiti vyake tuunganishe na mingine."

Mzee alipiga hesabu ya umri wake. Jumamosi alichimba mashimo matatu uani, mbalimbali, kila moja la mti wake. Miche miwili iliyobaki ilipelekwa kwa Mama Kitalu.

Siku moja mteja alikuja kuchukua gauni lake. Alikuwa mwanamke mchangamfu aliyemfahamu marehemu. Aliiona miche, akaweka mkono kifuani.

"Jamani! Ndio mti wa marehemu mama huu? Mmeuokoa! Hapo alipo amefurahi."

Binti alimtazama baba yake. Alifungua kinywa ili aseme ndiyo. Lingekuwa neno dogo, na lisingemuumiza mtu.

"Hapana, mama," mzee alisema. "Ule umekwisha. Nilipata mbegu zake ishirini na tatu, nikazianika juani zote, zikafa. Hii ni ya sokoni. Wewe ukipata shokishoki, kula, osha mbegu, panda siku hiyo hiyo."

Mteja alibaki na gauni mkononi. Aliuliza swali moja kuhusu udongo, akajibiwa, akaaga kwa sauti ya chini.

Alipokwisha kutoka, binti alisema, "Baba, ulikuwa na haja gani ya kujianika hivyo mbele ya watu? Ningemwambia ni wa mama, yangekwisha."

Mzee alimwagia mche wa tatu maji, polepole, mpaka udongo ukalowa.

"Angekwenda kwake," alisema, "naye akaanika."