Vigelegele vya Shangazi Nesta

"Dada, hizo raba zilipie kwanza! Kwa miguu hiyo utanikimbia nazo."

Ketrina alicheka hadi Wazambia waliokuwa wakipatana bei pembeni wakageuka. Muuza viatu vya mtumba wa soko la Tunduma, Lwitiko, alikuwa na shati la bluu lililonyooshwa pasi utadhani anakwenda kanisani. Kusema kweli, alimpendeza kuliko raba zenyewe.

"Nakimbia mbio ndefu. Nataka kuingia timu ya mkoa."

"Basi nianze mazoezi ya kukufukuza."

Tangu hapo simu hazikukauka.

"Umeamkaje, mwanariadha wangu?"

"Na njaa, mpenzi."

Lwitiko alicheka, kumbe si utani. Kocha wake alisema mwepesi ndiye mshindi, naye Ketrina akawa anakimbia kila alfajiri na ugali anauonja tu. Miguu ikaanza kumuuma. Hedhi ikakatika, na maskini akafurahi, akaona amepunguziwa usumbufu.

Shangazi Nesta, aliyekuwa akimlea hapo nyuma ya soko, hakufurahi. Yeye ndiye mnunuzi wa pedi, na miezi ilipita bila kuombwa. Hakuuliza. Alijifunga kitenge, akachukua wazee wawili wa ukoo, wakaenda hadi kwenye meza ya viatu kumuuliza Lwitiko: mimba ya binti yao anaikubali au anaikataa?

Lwitiko alikuwa hajawahi kushika zaidi ya mkono wa Ketrina. Jioni akapiga simu.

"Hongera, Ketrina. Aliyekupa mimba ni nani?"

"Mimba gani tena, Lwitiko?"

Simu ikakatwa. Ketrina alilia hadi kwikwi, na kulipokucha akamkokota shangazi hospitali. Daktari, mama mpole, alimpima, akamuuliza anakula nini, akatikisa kichwa.

"Mama, binti hana mimba. Ana njaa. Mbio zinakula nguvu nyingi kuliko anazopata kwenye chakula, ndiyo maana mwili umesimamisha hedhi. Akiendelea hivi, mifupa itavunjika. Apumzike, ale ashibe."

Shangazi akarudi sokoni na wazee walewale, safari hii na Ketrina mwenyewe na jogoo wa kuomba radhi. Lwitiko akamtazama Ketrina, mashavu yamebonyea.

"Nisamehe, mpenzi. Niliangalia raba, sikumwangalia aliyezivaa. Wazee, msiondoke. Kwa kuwa mmeshafika, naomba mpokee posa yangu."

Wazee wakacheka. Ketrina hakucheka.

"Ngoja kwanza nipone. Nataka nikujibu nikiwa mzima."

"Nitajuaje?"

"Utajua. Shangazi hajui kunyamaza."

Mashindano yakapita bila yeye, na ilimuuma. Lwitiko akawa anamletea maparachichi ya Igamba, mayai na maziwa, anakaa hadi sahani iishe. Jogoo akafugwa, hakuna aliyekuwa na moyo wa kumla.

Asubuhi moja Ketrina akatoka chumbani anatabasamu.

"Shangazi, naomba pedi."

Shangazi akapiga vigelegele hadi mtaa mzima ukatoka nje. Lwitiko akaacha meza na wateja wake, akaja mbio na raba moja mkononi, anahema.

"Ndiyo?"

"Ndiyo," alisema Ketrina. "Sasa mchinjeni yule jogoo. Nina njaa."