Ba Amelazwa

Kila siku ya shule, Haifa akishashuka basi pale Tooting, London, hakwenda kwao moja kwa moja. Aliingia kwanza dukani kwa Mjomba Kishor, akavua mkoba, akapewa kiganja cha chevda, vile vitafunio vya Kihindi vyenye pilipili, kisha akamngoja mama yake arudi kutoka kazini. Mama yake, Bi Mwanamwema, alikuwa akiwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, na chumba chao kilikuwa juu ya duka hilohilo.

Kishor hakuwa mjomba wa damu. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa Unguja, Darajani, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kama halua. Bi Mwanamwema naye alikuwa wa Unguja. Walipokutana London, siku ya kwanza tu walizungumza mpaka maziwa ya chai yakamwagika jikoni. Lakini Haifa alizaliwa palepale London. Kiswahili alikisikia kwa kuokoteza, neno hapa na neno pale, na akiulizwa kwa Kiswahili alijibu kwa Kiingereza. Kwa hilo Kishor hakumwacha salama.

"Haifa, niletee bamia," humwambia. Haifa huleta biringani.

"Ala! Mswahili gani wewe? Asiyejua maana haambiwi maana!" Kishor hucheka mpaka tumbo likatikisika. Leena, bintiye, aliyekuwa rika moja na Haifa, hucheka kuliko babake, na ukimuuliza yeye bamia ni nini, hajui!

Haifa alichukia kuchekwa. Basi akajitafutia dawa, na dawa yenyewe mbaya. Kila alipoambiwa jambo asilolielewa, aliitikia kwa kichwa na kusema, "Ndiyo, nimeelewa."

Ijumaa moja ya Januari, mwaka 2001, hakukuwa na chevda wala kucheka. Ardhi ilikuwa imetetemeka Gujarat, huko India, na majumba yalikuwa yameanguka na watu ndani. Mji wa Bhuj uliumia vibaya sana. Na Bhuj ndiko alikokaa Ba. Ba kwa Kigujarati maana yake mama, na huyo alikuwa mama mzazi wa Kishor. Aliwahi kukaa London, baridi ikamshinda, akarudi kuliko na jua.

Kishor hakutulia. Alipiga simu Bhuj, simu ikalia tuu, tuu, tuu. Akaiweka, akaenda mlangoni, akatazama barabara kama vile Ba angeshuka kwenye basi, akarudi, akapiga tena. Mteja alitaka dengu, akapimiwa mchele. Mwingine aliondoka na mchele bila kulipa na hakuna aliyemwona. Televisheni ya dukani ilionyesha vifusi, na Kishor alikuwa akiusogeza uso wake kwenye kioo, akitafuta nyumba anayoijua.

Jumamosi mtaa mzima ulikuwa mbioni. Watu ambao Bhuj hawajawahi kuisikia walileta mablanketi, mahema, dawa na maziwa ya kopo. Bwana Harjit, fundi wa magari, alitoa gari lake la mizigo lipeleke vitu hekaluni, vifungwe na kusafirishwa. Bi Mwanamwema alishuka na blanketi jipya la Haifa bila hata kumuuliza mwenyewe. Kuna mama mmoja alileta viatu vya visigino virefu.

"Jamani!" Bi Mwanamwema alisema alipovitoa kwenye sanduku. "Mtu kaangukiwa na nyumba, atakwenda kucheza dansi? Tupeni kile ambacho nasi tungekihitaji."

Kishor alikuwa ameshapata nafasi katika ndege ya Jumapili jioni. Ndiyo iliyokuwa nafasi ya mwisho, maana kila Mgujarati wa London alitaka kwenda kuwatafuta watu wake. Alikuwa nje akipakia mablanketi, na injini ya gari la Harjit ikinguruma, wakati simu ya duka ilipolia. Haifa ndiye aliyekuwa karibu.

"Haloo! Haloo!" Sauti ilitoka mbali, imejaa mikwaruzo. Ilisema maneno ya Kigujarati.

"Mimi Haifa. Kigujarati sijui," alijibu kwa Kiingereza.

"Haifa?" Sauti ikageukia Kiswahili. "Binti wa Kiunguja? Haya, sikiliza! Mimi Suresh, binamu yake Kishor. Mwambie Kishor, mama yake..." Mikwaruzo. "...amelazwa... Rajkot... aje upesi, asikawie! Umeelewa?"

"Ndiyo, nimeelewa," alisema Haifa. Simu ikakatika.

Amelazwa. Wewe unayesoma hapa unajua maana yake, na mimi najua. Lakini Haifa alikuwa na Kiingereza kichwani. Mwezi uliopita, paka wa jirani yao aliugua figo, akapelekwa kwa daktari wa wanyama. Jirani alirudi na kikapu kitupu, macho mekundu, akawaambia watoto kwamba paka amelazwa usingizi. Ndivyo Waingereza wanavyosema mnyama akichomwa sindano ya mwisho. Basi Haifa, aliyejua kwamba kulala ni usingizi, aliposikia "amelazwa", alikiona kile kikapu kitupu.

Kishor aliingia mbio. "Nani huyo? Nani?"

"Suresh. Kutoka India."

"Kasemaje? Sema, mwanangu!"

Haifa akaanza kulia. "Ba amekufa. Anasema uende upesi."

Kishor alishika meza. "Amekufa? Kasema hivyo kwa kinywa chake?"

Hapo ndipo Haifa angeweza kusema, Hapana, Mjomba, kasema neno ambalo silijui vizuri. Lingemtoka kwa pumzi moja. Lakini aliogopa kuulizwa, Mswahili gani wewe?

"Ndiyo," akasema.

Jioni ile mlango wa chuma wa duka ulishushwa. Wanawake waliovaa nyeupe walipanda ngazi kwenda kwa Kishor, viatu vikajaa mlangoni. Katika nyumba yenye msiba wao hawapiki, basi Bi Mwanamwema aliwapikia mboga na chapati katika sufuria mpya isiyowahi kuingia nyama, akaenda kuhani. Haifa alikaa pembeni yake, miguu haitulii. Leena alikuwa amejikunja kwenye mapaja ya mama yake na hakumtazama mtu. Kila aliposikia kilio, Haifa alisikia na ile sauti ya mbali: amelazwa, amelazwa. Hakusema amekufa. Lakini si ni mamoja? Si ni mamoja?

Kisha Kishor akamwita Darshan, dereva wa basi, jirani wa upande wa pili. Mke na mtoto wa Darshan walikuwa wamekwenda likizo Bhuj, na hakuna aliyejua waliko.

"Nafasi yangu ya ndege chukua wewe," Kishor alimwambia. "Nimeshazungumza na wakala wa tiketi. Mimi nikienda nitakuta jivu, wameshamchoma. Wewe huenda ukakuta watu."

Darshan alilia kwa sauti, na wanaume wote wakainamisha vichwa. Haifa akataka kusimama, akakaa. Akataka kusema, akajiinamia. Mama yake akadhani ni huzuni, akampapasa mgongo.

Asubuhi ya Jumapili Bi Mwanamwema aliamka akakoroga uji, akautia hiliki, akaumimina kwenye chupa ya chai.

"Wa nani huo?" Haifa aliuliza.

"Wa Bi Mwanabaraka, mwenzangu wa kazini, masikini. Amelazwa tangu juzi. Vaa koti, twende tukamtazame."

Haifa alikodoa macho. "Amelazwa? Sasa uji atakunywaje?"

"Kwa kijiko! Kwani hospitali hawana vijiko?"

"Mama," Haifa alisema polepole, na safari hii alisema kwa Kiswahili, "amelazwa maana yake nini?"

"Si amewekwa hospitali, anatibiwa? Mtoto huyu! Hujui amelazwa?"

Haifa akaketi sakafuni, palepale jikoni, akajifunika uso. Akasema yote: mikwaruzo, paka, kikapu, na ile "ndiyo" aliyomwambia Kishor. Bi Mwanamwema aliweka chupa mezani.

"Yallah! Yaani tumemlilia mtu hai?" Akamshika mkono, akamwinua. "Usiniambie mimi. Mwenye mama yake yuko chini. Shuka."

"Mama, nitachekwa."

"Bora uchekwe! Darshan anaondoka leo. Shuka, nami niko nyuma yako."

Zile ngazi Haifa alizishuka moja moja, ameshika ukuta. Kishor alikuwa amekaa peke yake dukani, gizani, hajanyoa ndevu.

"Mjomba, Suresh hakusema amekufa. Alisema amelazwa. Amelazwa Rajkot. Mimi sikujua maana yake. Uliponiuliza nilikudanganya, kwa sababu niliogopa utanicheka."

Kishor alisimama. "Rudia hilo neno."

"Amelazwa."

"Toka jana nakaa hapa namlilia mama yangu aliye hai!" Alinguruma mpaka Leena na mama yake wakashuka mbio. "Toka jana! Naye ananingoja!" Haifa hakukimbia. Kishor alikuwa ameshainua simu. Siku zote hizo alipiga Bhuj. Rajkot hakuwa amepiga hata mara moja, maana nani angemtafuta Ba huko? Alikuwa na jamaa mmoja Rajkot. Simu ikaita, ikapokewa.

Kigujarati kilikwenda kasi, kisha Kishor akaishusha simu, huku analia na kucheka kwa pamoja. "Yu hai. Mguu umevunjika juu ya goti. Wanataka kumpasua, naye kakataa! Anasema hatii saini mpaka amwone Kishor wake, na simu za hospitali bado hazifanyi kazi. Na daktari anasema wakichelewa mguu utaoza."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Darshan na begi, amekuja kuaga. Alipoelezwa, alitoa tiketi mfukoni, akamnyooshea Kishor. Kishor akaisukuma nyuma.

"Mkeo na mwanao, Darshan!"

"Mama yako, Kishor!"

Tiketi ikaenda ikarudi, ikaenda ikarudi. Nafasi nyingine haikuwepo mpaka Alhamisi. Haifa alikuwa amesimama karibu na redio ya kaseti ambayo Kishor hupigia nyimbo zake za zamani. Akaitazama.

"Mjomba," akasema, "Ba hawezi kukusikia kabla hajakuona? Si unaweza kusema kwenye kaseti, Mjomba Darshan akaipeleka?"

Watu wazima walitazamana. Rajkot ilikuwa njiani kwenda Bhuj.

Leena alitafuta kaseti tupu. Kishor aliisogelea redio, akamsihi mama yake atie saini, akamwapia kwamba Alhamisi anapanda ndege. Alipomaliza, Haifa akasema, "Na mimi." Akainama, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Ba, mimi Haifa. Nimesema wewe amekufa. Si kweli. Nisamehe." Sarufi iliharibika, na hakuna aliyecheka.

Darshan aliondoka na kaseti katika mfuko wa ndani wa koti. Ba aliisikiliza kitandani, wakasema aliirudisha nyuma akaisikiliza tena, kisha akaomba kalamu. Mke na mtoto wa Darshan walipatikana ndani ya hema, wamechoka na vumbi limewajaa, lakini wazima. Na Kishor alisafiri Alhamisi kama alivyoapa.

Wiki iliyofuata simu ya duka ililia. Mke wa Kishor aliipokea, akacheka, akampa Haifa.

"Ndiwe uliyeniua?" Sauti ilikuwa ya kikongwe, na Kiswahili chake cha Unguja ya zamani.

"Ndiyo mimi, Ba," Haifa alisema, machozi yakimlenga.

"Nyumba nzima iliniangukia, sikufa. Ukaja kuniua wewe, kwa 'ndiyo' moja! Kwa nini hukusema hujui?"

"Mjomba huniambia asiyejua maana haambiwi maana."

"Nipishe! Huyu hapa kakaa kitandani kwangu, nitamtwanga na gongo langu. Sikiliza, mwanangu. Asiyejua maana ndiye wa kuambiwa maana. Anayejua ataambiwa ya nini? Ila sharti kwanza aseme, sijui. Kusema sijui kunatia haya kwa dakika moja. Kujifanya unajua kumewaliza watu usiku kucha. Na neno la mtu ni amana. Lifikishe kama ulivyopewa. Umeelewa?"

Haifa alikwishafungua kinywa aseme ndiyo, kama kawaida yake. Akakifunga. Leena alikuwa palepale, anamtazama.

"Ba," akasema, "amana ni nini?"

Kule Rajkot, Ba alicheka mpaka akashika mguu wake.

"Haya sasa," akasema. "Hapo umeelewa."