Mitchel Hasikii

Kila jioni, Mitchel alipotoka shuleni, alimkuta mama yake akinawa matope ya shamba la miwa. Mama huyo, Nafula, alikuwa kibarua wa palizi huko Kabras. Hakuwahi kwenda shule, kwa hiyo barua zote za mwalimu alisomewa na bintiye huyo wa Gredi ya Sita.

Jumatatu moja barua ilikuwa fupi: "Mitchel hasikii darasani. Tafadhali njoo tuzungumze." Mitchel aliisoma njiani. Hasikii! Kumbe mwalimu anamwona mkaidi? Kweli, siku hizi maswali yalimpita na wenzake walimcheka. Lakini mkaidi hakuwa.

"Mwalimu anasemaje?" mama aliuliza.

"Anasema... ninaendelea vizuri."

Nafula alifurahi, akamkaangia yai la pekee lililobaki. Mitchel alilimeza kwa shida.

Wiki mbili zikapita. Sikio lake la kushoto lilizidi kuuma, likawa linatoa usaha. Alijifuta kimyakimya kwa kitambaa, akihofia mama angekwenda shuleni kumwombea ruhusa, na uongo ungejulikana.

Jumamosi, Mwalimu Dorothy akabisha hodi.

"Mama Mitchel, nilikungoja sana. Hukupata barua yangu?"

"Niliipata, Mwalimu. Si ulisema anaendelea vizuri?"

Mwalimu akamtazama Mitchel. Machozi yakamtoka mtoto.

"Mama, nilikudanganya. Aliandika kwamba sisikii. Nilidhani ananiita mkaidi."

"Mwanangu, nilimaanisha masikio!" Mwalimu akachutama mbele yake. "Nikikuita kutoka nyuma, hugeuki."

Ndipo Mitchel akaonyesha kitambaa chenye usaha. Nafula akainamisha kichwa.

"Naishi naye nyumba moja, na sikujua."

"Hata mimi niko naye mchana kutwa, na usaha sikuuona," Mwalimu alisema. "Kila mmoja wetu aliona nusu. Tusipokutana, mtoto ndiye anayeumia."

Siku hiyohiyo walimpeleka hospitalini. Daktari alisafisha sikio, akaandika dawa, akaonya kwamba wangechelewa zaidi angeweza kuwa kiziwi wa upande huo. Jumatatu iliyofuata, Mitchel akahamishiwa dawati la mbele shuleni.

Asubuhi hiyo Nafula alipitia shuleni kabla ya kwenda shambani, akiwa na jembe begani.

"Mitchel," alisema, "ukificha neno la shule, unajinyima watu wawili wa kukusaidia. Usirudie."

Kisha akamgeukia Mwalimu Dorothy, akampa mkono.

"Mimi kusoma sijui, Mwalimu. Lakini njia ya kuja hapa naijua."