Hatua ya Arubaini na Sita

Ulikuwepo. Usijifanye hukuwepo. Mkoba wa Kuze Minori ulipofunguliwa mbele ya watu, kwenye korido ya ghorofa ya nne, ukumbi wa shogi, ile sataranji ya Kijapani, Osaka, Jumamosi ya kwanza ya Machi, saa nane na dakika ishirini mchana, wewe ulikuwa unatazama soksi zako.

Mkononi mwa Mkurugenzi Nagatsuka kulikuwa na kikaratasi kisicho na jina kilichomwambia aupekue mkoba huo. Aliupekua. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaisoma peke yake, akaikunja tena na kuitia mfuko wa kifuani.

"Hatua za mashine," alisema. "Mchezo umesimama. Kama hakuna maelezo hadi saa kumi kamili, Kuze amepoteza."

Unajua kupoteza kule kulikuwa na maana gani. Ulikuwa mchezo wa mwisho wa ligi. Kuze alikuwa anatimiza miaka ishirini na sita mwezi uleule, na asiyepanda dani ya nne, cheo cha kwanza cha utaalamu, kabla ya umri huo hutoka, wala harudi. Akishinda, ni mtaalamu. Akishindwa, miaka kumi na saba tangu aletwe na mama yake akiwa na meno mawili pungufu imekwenda na maji.

Aliyesimama ni mzee Torigoe, mwandishi wa mchezo. Miaka thelathini na nane amekaa kando ya ubao akiandika kila hatua na dakika yake. "Mwandishi ana haki ya kuuliza kuhusu mchezo alioandika," alisema. "Naomba chumba kidogo, na watu wanne."

Nagatsuka alikubali kwa shingo upande. Wakakaa kwenye mikeka: Kuze; mpinzani wake Oginome; mtunza kaunta Hoshina; na Ugaki, dani ya saba, mwalimu wa Kuze. Mkurugenzi alibaki mlangoni. Ilikuwa saa tisa na robo.

Torigoe alianza na Oginome, kwa sababu Kuze akipoteza, anayepanda ni yeye.

"Mchana ulikula wapi?"

"Kwa mama muuza tambi za udon, hapo chini. Mabakuli mawili. Muulize, bado ananinunia kwa jinsi nilivyofyonza."

"Unamchukia Kuze?"

"Nani hamchukii? Mwaka jana alinichapa, halafu akaniinamia kama anazika mtu. Mzee, mimi nataka kumchinja ubaoni. Ushindi wa kuokota kwenye mkoba nitaupeleka wapi?"

Hoshina hakungoja kuulizwa. Alikuwa mwanafunzi wa Ugaki pia, kaka wa Kuze katika mafunzo. Umri ulimtoa miaka minne iliyopita; sasa anauza vipepeo vya kujipepea vyenye majina ya wachezaji pale kaunta.

"Najua mnachofikiri. Ndiyo, nina wivu. Nalala nao, naamka nao. Akishinda nampongeza, kisha naenda chooni kuuma taulo. Lakini saa sita hadi saa saba na robo nilikuwa kaunta, foleni hadi kwenye ngazi. Watu arubaini waliniona."

"Na mikoba?"

"Kwenye rafu ya korido, kama siku zote. Haina kufuli. Amepita kila mtu: Mwalimu, Mkurugenzi, hata wewe mwenyewe, Mzee."

Torigoe aliitikia kwa kichwa, akamgeukia Ugaki na kuinama.

"Samahani, Mwalimu. Karatasi ya mkobani umeiona?"

"Sijaiona, na sitaki kuiona. Mchezo wenyewe unatosha! Hatua ya arubaini na sita, jemadari wa dhahabu wa kulia anakuja katikati. Tangu lini nikamfundisha uchafu huo? Ile ni mashine, si mwanafunzi wangu."

Kuze aliinua kichwa, akafungua mdomo, akaufunga. Kwetu mwanafunzi hamsahihishi mwalimu.

"Leo uliingia chumba cha mchezo?"

"Hata mara moja. Mwalimu akiingia humtia mwanafunzi kiwewe. Nilikula mkebe wangu wa bento chumba cha walimu."

Torigoe alitoa karatasi yake ya kumbukumbu, akailaza kwenye mkeka kwa mikono miwili. Ncha za masikio yake zilikuwa nyekundu.

"Nina aibu ya kusema," alianza. "Tazameni hatua ya arubaini na sita. Karatasi imekwaruzwa hapo. Kuze alikuwa na majemadari wawili wa dhahabu, na wote wawili waliweza kufika katikati. Hapo mwandishi lazima aandike ni yupi. Kuze alisogeza wa kushoto, saa tano na dakika hamsini na mbili. Mimi nikaandika wa kulia."

"Wewe?" Oginome alicheka, kisha akajizuia. "Wewe, Mzee?"

"Mimi. Kosa la kwanza katika miaka thelathini na nane. Tukaenda kula saa sita na dakika kumi, karatasi ikabaki kando ya ubao, chumba kitupu. Saa saba na dakika tano nikatazama ubao, nikaliona. Nikalikwaruza kwa wembe, nikaandika kushoto. Nilitamani kufa nalo. Mkurugenzi, tafadhali soma karatasi ya mkobani. Arubaini na sita."

Nagatsuka aliikunjua. "Dhahabu ya kulia."

"Arubaini na nane?"

"Jemadari wa fedha anaingia pale ilipokuwa dhahabu ya kushoto."

"Anaingiaje, kama dhahabu ya kushoto haijaondoka? Anaipakata? Mashine haishauri upuuzi. Na baada ya hapo?"

"Hakuna. Imeishia arubaini na nane."

"Hatua ya mwisho kabla ya chakula. Basi huo si ushauri, Mkurugenzi. Ni nakala. Mtu aliingia chumba kitupu, akanakili karatasi yangu mbiombio pamoja na kosa langu, kisha akaitia kwenye mkoba. Oginome aliiona dhahabu ya kushoto ikisogea, umbali wa mkono mmoja. Asingeandika kulia. Hoshina alikuwa kaunta." Aligeuka. "Mwalimu Ugaki, chumbani hukuingia. Karatasi hujaiona. Wote walioona ubao wanasema kushoto. Hiyo kulia uliitoa wapi?"

Ugaki alisogeza kikombe chake cha chai kando.

"Walisema watu," Ugaki alijibu.

"Watu gani? Wataje."

Ugaki alimtazama Kuze kama anavyotazama mtu nyumba aliyoijenga na kufungiwa nje.

"Mnajua kwetu mwanafunzi humlipaje mwalimu," alisema. "Humshinda. Mchezo rasmi, hadharani. Watu wanapiga makofi, na mwalimu anatakiwa atabasamu. Kwingine shukrani ya punda ni mateke. Kwetu teke ndilo adabu. Mimi nimeshuka hadi daraja la mwisho, wanakoanzia wataalamu wapya. Msimu ujao angekaa mbele yangu. Kwenye treni watu wananiuliza, 'Wewe si ndiye mwalimu wa Kuze?' Jina langu halimo!"

"Mwalimu," Kuze alisema. "Ningepiga magoti kabla ya kuanza."

"Halafu ungenimaliza kwa hatua sabini. Najua. Nimelijua hilo tangu ukiwa na miaka kumi na miwili, na kila asubuhi nilikufungulia mlango."

Kuze aliinama hadi paji la uso likagusa mkeka. Ugaki aligeuza uso ukutani.

Na Nagatsuka? Nagatsuka alitazama saa. Saa kumi na dakika tatu. "Matokeo yameshatangazwa chini: Kuze amepoteza," alisema. "Haya mengine, kwa heshima ya Mwalimu, yabaki humu ndani."

Hayatabaki. Kanuni ya chama iko wazi: matokeo yaliyotangazwa hufutwa kwa sahihi za wanachama ishirini ndani ya siku saba, na mchezo huendelea pale uliposimama. Sahihi ziko kumi na moja. Ya kwanza ni ya Oginome, ambaye anautupa ushindi wake mwenyewe. Ya pili ni ya Torigoe, na chini yake ameandika kosa lake kwa wino mweusi. Hoshina si mwanachama tena, hana haki ya kutia sahihi, lakini ndiye anayeilinda karatasi pale kaunta, na hata kula haendi.

Wewe ni mwanachama, na jina lako halimo. Mwisho ni Ijumaa, saa sita mchana. Usiniambie Ugaki alikufundisha na wewe. Alimfundisha na Kuze. Usiniambie utasubiri uone wengine watafanyaje. Wengine wanakusubiri wewe. Acha kusoma. Panda ngazi hadi ghorofa ya nne, shika kalamu, andika jina lako lote. Leo.