Kipepeo Aliyegoma Kula

Katika mtaa wa maduka ya samaki wa kufuga wa Mong Kok, samaki wa bahari hatolewi dukani kabla mnunuzi hajamwona akila. Muuzaji akilikiuka hilo, na samaki akagoma kula nyumbani, faini yake ni kwenda kumlisha kwa mkono wake, mbele ya jamaa ya mnunuzi, mpaka ale.

Yau Chi-lok, aliyerithi duka la babaye, aliijua sheria hiyo tangu utotoni. Lakini Jumamosi ile ya mvua Lau Wing-sum aliingia akikunja mwavuli, gauni lake la samawati limelowa mabegani, akasimama chini ya mifuko ya maji yenye samaki hai iliyotundikwa ukutani. Chi-lok akasahau kazi.

"Unatafuta nini, mrembo?"

"Usiniite mrembo, bosi. Nataka samaki kipepeo, yule mwenye mdomo mrefu na mistari ya rangi ya shaba."

"Huyo ana maringo. Atakushinda."

"Nimezoea. Nyumbani nina baba."

Wakacheka, wakapeana namba za simu, na samaki akatiwa katika mfuko wa maji bila kuonjeshwa hata chembe.

Nyumbani hapakuwa na kicheko. Tangu kufiwa na mkewe, Mzee Lau alikuwa akikonda, chakula kikipoa mbele yake kila siku. Kitu kimoja tu alikuwa amekiomba: samaki kama yule aliyefugwa na marehemu. Sasa samaki huyo aliviendea vipande vya nyama ya kamba ndani ya tangi, akavitazama, akavipa kisogo. Mzee naye akaweka vijiti vyake vya kulia mezani.

"Hata yeye hana hamu," alisema.

Wing-sum aliingiwa na hofu. Alimpigia Chi-lok simu, akambembeleza, akamwita mpenzi. Chi-lok akamtuliza kwamba samaki mgeni huchelewa kula. Siku zilizofuata alimtuliza kwa maneno yale yale, na mgongo wa samaki ukachongoka kama kisu. Hapo Wing-sum akakumbuka kile alichosahau kukidai dukani, na akashuku sababu ya kukisahau.

"Ulinichekesha makusudi, nisikuombe umlishe," alimwambia.

"Sivyo, Wing-sum. Hata mimi nilisahau."

"Basi njoo ulipe."

Chi-lok akasingizia wateja. Aliogopa samaki asije akafia mikononi mwake, mbele ya mzee wa watu. Wing-sum akakata simu, na tangu hapo hakuipokea tena.

Ukimya huo ulimtisha Chi-lok kuliko aibu. Asubuhi moja alivaa shati jeupe, akafunga duka, akatoka na ndoo ya kome hai. Mtaa mzima ulielewa.

"Bosi Yau," mwenye duka la jirani alimwita, "unapeleka faini au posa?"

Chi-lok akaongeza mwendo.

Mlango ulifunguliwa na Mzee Lau mwenyewe. Chi-lok akainamisha kichwa. "Mzee, nilimtoa samaki wako bila kumlisha. Nimekuja kulipa."

Wing-sum, macho yamevimba, hakumsalimu. Chi-lok alikunja mikono ya shati, akapasua kome kwa kisu, akalipachika gamba lenye nyama kati ya mawe ya tangi. Kisha wote watatu wakarudi nyuma. Samaki alikaribia, akaondoka. Akakaribia tena, akaelea palepale, akitweta. Bila kujua, Wing-sum alikuwa ameshika shati la Chi-lok.

Mdomo mrefu ukadona. Ukadona tena, na uzi wa nyama ukachomoka.

Mzee Lau alitazama mpaka gamba likabaki tupu. Ndipo akavuta kiti. "Wing-sum, ule uji wa mchele bado upo?"

Aliletewa, akala. Baada ya vijiko kadhaa akasema, "Kijana, faini yako imekwisha."

Chi-lok akachukua ndoo yake. Wing-sum alimfuata hadi mlangoni.

"Jirani yangu aliniuliza kama nimebeba faini au posa," Chi-lok alisema, akiitazama sakafu.

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Niliogopa."

Wing-sum akaipokea ndoo mkononi mwa Chi-lok, akaiweka nyuma ya mlango.

"Faini umekwisha kuilipa," alisema. "Kesho lete hiyo nyingine."

Ndani, Mzee Lau alikuwa akikwangua bakuli.